Kutoka Daftari la Sala Hadi Mimbarini: Namna ya Kutumia Tafakari za Maandiko

Mhubiri wa Dar es Salaam siku hizi hapungukiwi tafakari. Kabla hakujapambazuka simu imeshapokea nne au tano: ya jumuiya, ya kwaya, ya kikundi cha waliosoma pamoja, na nyingine iliyosambazwa mara nyingi mpaka hakuna ajuaye nani aliiandika. Ongeza Radio Maria, kurasa za Kiswahili za Vatican News zenye tafakari ya kila Jumapili, na vijitabu vinavyouzwa nje ya kanisa watu wakitoka ibadani. Ukitaka, unaweza kuhubiri mwaka mzima bila kufungua Biblia. Wapo wanaofanya hivyo, na waumini wanawajua, maana nao waliipokea asubuhi ile ile.

Nawaandikia mwinjilisti, katekista, mzee wa kanisa aliyepangiwa zamu, kiongozi wa jumuiya na mchungaji kijana mwenye mitaa mitatu ya kuhudumia. Sina ugomvi na tafakari za watu wengine, nazisoma na zinanifaa. Ninachosema ni kwamba mahali pake ni Alhamisi, si Jumatatu. Wiki ianze na wewe na andiko peke yenu, na kile kitakachokugusa hapo kigawanywe mapema: hiki ni cha sala yangu, hiki ni cha kundi.

Kupata andiko mapema

Mkatoliki hana shida ya kuchagua. Masomo ya Dominika yanazunguka kwa miaka 3: Mwaka A ni wa Mathayo, B wa Marko, C wa Luka, na Yohana anaingia hasa Kwaresima na Pasaka. Ukitaka kujua uko mwaka gani, gawanya mwaka kwa 3. Ukigawanyika bila baki, ni Mwaka C. Ndiyo maana 2025 ulikuwa C, 2026 ni A, na 2027 ni B. Kumbuka tu kwamba mwaka wa Kanisa unaanza Dominika ya kwanza ya Majilio, si Januari Mosi.

Mlutheri ana kalenda ya KKKT yenye kichwa cha kila Jumapili pamoja na masomo yake. Hapo jihadhari na jambo moja: kichwa kisikuzuie kusoma. Wengi wanakishika kichwa, wanahubiri kichwa, na somo linabaki limesomwa na mzee wa zamu basi.

Kwa wale ambao mhubiri hujichagulia andiko, ushauri wangu ni kuchukua kitabu kimoja na kukifuata sura kwa sura. Marko ana sura 16. Ukiachiwa uchague kila wiki, utajikuta unazunguka kwenye aya zako ishirini unazozipenda, na waumini wako watakua kwa kula chakula kile kile.

Katika mwongozo huu nitatumia Marko 5:21-43, Jairo na mwanamke aliyetokwa damu. Kwa Wakatoliki ni Injili ya Dominika ya 13 ya Mwaka B, itakayoangukia tarehe 27 Juni 2027. Kitabu cha masomo kinaruhusu kuisoma kwa ufupi, na ufupi wenyewe unamwondoa yule mwanamke kabisa. Ukiwa na nafasi ya kusema na padre, omba isomwe yote. Sababu utaiona hapo chini.

Jumatatu: soma kama mtu asiyehubiri

Tafuta muda ambao nyumba imetulia. Kwa wengi wetu ni saa kumi na moja alfajiri, kabla ya foleni ya bafuni. Simu iwe chumba kingine. Kama Biblia yako iko ndani ya simu, zima data kwanza, kwa sababu ujumbe mmoja wa kikundi cha harusi unatosha kuimaliza sala.

Njia ninayoipendekeza ni ya zamani. Guigo wa Pili, mmonaki Mkartusi wa karne ya 12, aliiandika kwa ngazi nne: kusoma, kutafakari, kuomba na taamuli, yaani kutulia kimya mbele ya Mungu. Ukisikia Wakatoliki wakisema Lectio Divina, ndiyo hiyo, na hakuna kinachomzuia Mlutheri au Mpentekoste kuitumia. Soma andiko lote kwa sauti ya chini, polepole. Soma tena, usimame pale moyo unaposhikwa. Usijiulize kwa nini pameshika. Kaa napo. Kisha mwambie Mungu kilichoko moyoni kwa maneno yako, hata kama ni malalamiko. Mwisho nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu, hasa ukiwa na jirani mwenye mashine ya kusaga, lakini dakika chache zinawezekana.

Daftari liwe la kawaida la shule, la kurasa nyingi. Ukurasa wa kushoto andika juu yake YANGU, wa kulia andika KUNDI. Jumatatu unaandika kushoto tu. Ukurasa wa kulia ukikuita, ukikuletea "hii itawafaa akina mama wa jumuiya", ukatalie. Mhubiri ana ugonjwa wa kusoma kila aya kwa niaba ya watu wengine. Akisoma "tubuni", tayari anawaona walioko benchi la nyuma. Ukurasa wa kushoto ni dawa ya ugonjwa huo, ndiyo maana hausomwi na mtu mwingine na hauendi mimbarini.

Kwa Marko 5, ukurasa wa kushoto unaweza kuwa na mistari mitatu tu, kwa mfano: "Mimi ni Jairo. Nimeomba, amekubali kuja, halafu amesimama. Nimekasirika na sijawahi kumwambia." Inatosha. Ombi la siku hiyo limeshapatikana.

Safarini usijidanganye kwamba utasoma. Ndani ya basi la mwendokasi la asubuhi mkono mmoja umeshika bomba na mwingine umelinda mfuko. Toka nyumbani na aya moja kichwani. Kwa andiko letu iwe "Usiogope, amini tu" (5:36). Fupi, na inafika Kivukoni pamoja nawe.

Jumanne na Jumatano: liulize andiko

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi wanaruka. Wanatoka kwenye hisia ya Jumatatu moja kwa moja hadi mahubiri. Hisia yako inaweza kuwa ya kweli na bado isiwe ndiyo anayosema Marko.

Anza kwa kuandika unachokiona, bila maelezo. Nani yupo, nani ana jina, nani hana, nani anasema, nani amenyamaza. Ukifanya hivyo kwa Marko 5, ukurasa wa kulia utajaa upesi. Jairo ana jina na cheo, mkuu wa sinagogi. Mwanamke hana jina. Jairo anakuja kwa mbele, watu wakiona. Mwanamke anakuja kwa nyuma, ndani ya msongamano. Yeye ameugua miaka 12, na binti wa Jairo ana miaka 12. Jairo anaanguka miguuni pa Yesu mwanzoni, mwanamke anaanguka mbele yake baadaye. Mwanamke anaeleza habari yake yote. Jairo, baada ya ombi lake la aya ya 23, hasemi neno lingine hadi mwisho wa kisa. Rudi ukahakikishe mwenyewe. Mwisho kabisa Yesu anaagiza mtoto apewe chakula, jambo ambalo wazazi katika furaha ile pengine walilisahau.

Kisha linganisha. Kisa hiki kipo pia Mathayo 9:18-26 na Luka 8:40-56. Kwa Mathayo baba anafika akisema binti ameshakufa, kwa hiyo hakuna kuchelewa wala mtu anayekuja kuleta habari mbaya njiani. Kwa Marko na Luka binti yuko mahututi, na habari ya kifo inafika Yesu akiwa bado anasema na mwanamke. Maana yake, ukihubiri kwa Marko, kuchelewa ni sehemu ya ujumbe. Ukihubiri kwa Mathayo, huna haki ya kuzungumzia kuchelewa. Wahubiri wengi huchanganya Injili tatu katika sufuria moja na kutoa kisa ambacho hakikuandikwa na yeyote.

Tazama pia mazingira ya andiko. Marko anapenda kuingiza kisa ndani ya kisa. Katika sura ya 11 ameanza na mtini, akaingia hekaluni, akarudi kwenye mtini. Anapofanya hivyo anataka visomwe pamoja, kimoja kikiangaza kingine. Ndiyo maana nimesema kumwondoa mwanamke kunaliharibu somo: Jairo anabaki bila kungoja.

Halafu nenda Agano la Kale. Walawi 15:25-27 inaeleza kwamba mwanamke anayetokwa damu nje ya siku zake ni najisi, na anayegusa kitanda chake au kiti chake naye anakuwa najisi mpaka jioni. Miaka 12 ya hali hiyo. Sasa unaelewa kwa nini alikuja kwa nyuma, na kwa nini alitetemeka alipoulizwa mbele ya umati.

Vifaa si vingi. Biblia ya Union Version, ambayo ndiyo watu wengi wameizoea masikioni, pamoja na Habari Njema kwa kulinganisha. Itifaki ya Biblia, yaani kitabu kinachoorodhesha maneno ya Biblia na aya yanamopatikana. Ukipata kitabu kimoja cha ufafanuzi wa Marko, cha kuazima parokiani au usharikani, vizuri. Usipokipata, kusoma sura ya 4 hadi ya 6 mfululizo kutakupa zaidi ya nusu ya unachohitaji.

Kabla hujafunga Jumatano, andika swali moja ambalo hujapata jibu lake. Mimi kwa andiko hili lingekuwa: kwa nini Yesu alimlazimisha mwanamke ajitokeze hadharani wakati alikuwa ameshapona? Swali hilo ndilo utakaloenda nalo kwa watu wengine.

Alhamisi: sasa fungua tafakari za wengine

Sasa unazisoma kama mtu mwenye lake. Unatafuta jibu la swali lako, unatafuta ulichokosa kuona, na unatafuta mahali unapobishana na mwandishi. Tafakari mbili au tatu zinatosha. Ukisoma kumi utarudi ulikotoka, mtu asiye na sauti yake.

Chukua moja kutoka kanisa lako na moja kutoka kwa jirani. Kwa mfano, Wamoravian wamekuwa wakichapisha neno la kila siku tangu 1731 huko Herrnhut, Ujerumani. Mkatoliki anaweza kujifunza kwao jinsi aya mbili fupi zinavyoweza kubeba siku nzima. Na Mpentekoste atafaidika akisoma homilia, yaani mahubiri ya Misa, ya padre anayelazimika kusema yote kwa muda mfupi.

Lakini kila dai likaguliwe. Sheria ni moja: aya ikitajwa, ifunguliwe. Mifano iko tele. "Jisaidie nami nitakusaidia" inanukuliwa kila wiki kama neno la Mungu, na haimo katika Biblia. Kuna ile nyingine ipendwayo sana mwezi Januari, kwamba "usiogope" imeandikwa mara 365, moja kwa kila siku ya mwaka. Inavutia, na ingekaa vizuri na Marko 5:36. Chukua itifaki uhesabu, hutafika. Iache.

Kosa la hila zaidi ni aya ya kweli iliyong'olewa mahali pake. Yeremia 29:11, "mawazo ya amani wala si ya mabaya", iko kwenye kadi za mahafali na stika za bajaji. Aya inayoitangulia inasema watu hao watakaa Babeli miaka 70. Waliosomewa barua ile wengi wao wangefia uhamishoni. Hii haifuti faraja yake, ila inabadilisha kabisa unavyomwambia kijana aliyekosa ajira.

Ukichukua wazo la mtu, sema. "Wazo hili nimelipata katika tafakari ya padre fulani" haikupunguzii heshima. Na kama tafakari haina jina la mwandishi, itumie kukuchokoza, usiitumie kama ushahidi.

Kwa andiko hili la wagonjwa nina onyo kali zaidi. Marko anasema mwanamke alikuwa amemaliza mali yake kwa matabibu na hali ikazidi kuwa mbaya. Kuna tafakari zinazoichukua aya hiyo kuwaambia watu waache hospitali, waache dawa. Katika kila kundi la mji huu wapo watu wanaokunywa ARV, dawa za presha na za sukari, na neno moja la mimbarini linaweza kumfanya mtu atupe vidonge. Usithubutu. Paulo mwenyewe anamwita Luka "tabibu mpendwa" (Wakolosai 4:14). Vilevile usimwambie aliyefiwa kwamba angeamini zaidi mtoto angepona. Wale waliokuja kuleta habari ya kifo walikuwa wanasema kweli, na Yesu hakumkemea Jairo kwa lolote.

Ijumaa: wazo moja, kisha kalamu

Andika wazo kuu kwa sentensi moja ambayo mama anayeuza vitumbua anaweza kuirudia nyumbani. Kwa mfano: "Yesu aliyesimama kumsikiliza mwanamke hakuwa amemsahau Jairo." Kila kitu kisichosaidia sentensi hiyo kiondoke, hata kama kilikugharimu Jumatano nzima. Ile habari ya kisa ndani ya kisa ni ya kwako. Waumini hawahitaji kusikia mbinu, wanahitaji kumwona Jairo akingoja.

Kwa hiyo mwanzo wa mahubiri unaweza kuwa hivi:

"Jairo amesimama. Binti yake anakata roho, na mtu pekee anayeweza kumsaidia ameacha kutembea, anauliza nani amenigusa. Kama umewahi kusubiri pantoni upande wa Kigamboni, mgonjwa wako yuko ndani ya bajaji, na pantoni lenyewe bado liko ng'ambo linapakia, basi unamjua Jairo. Hapigi kelele. Amenyamaza. Marko hatuambii alichowaza. Anatuambia tu kwamba mwanamke aliendelea kusema, akasema yote, na Yesu akamsikiliza mpaka mwisho."

Angalia: hakuna "mpendwa katika Bwana, leo nataka tujifunze mambo matano". Tumeingia ndani ya andiko, tumegusa mji, tumerudi kwenye andiko. Mfano wa mji uwe mmoja. Ukileta pantoni, usilete tena foleni ya Mbagala na mafuriko ya Jangwani, watu watatoka wakizungumzia mafuriko.

Baada ya mwanzo, mwili wa mahubiri ufuate mwendo wa kisa chenyewe: kungoja, habari mbaya, "usiogope", nyumba yenye kilio, chakula. Na sema wazi unachowaomba watu wafanye. Kwa andiko hili ningeomba jambo dogo: wiki hii msikilize mtu mmoja mpaka amalize, hata kama una haraka.

Urefu unategemea kanisa. Papa Fransisko, katika katekesi ya tarehe 12 Juni 2024, alisema homilia isizidi dakika 8, kwa sababu baada ya hapo watu wanasinzia. Katika makanisa mengine dakika 8 ni salamu tu. Hata hivyo jiwekee kikomo, na kumbuka ibada ya pili inangoja nje juani.

Jumamosi: jumuiya na sauti

Kama jumuiya yako inakutana Jumamosi asubuhi na kusoma Injili ya kesho, umepewa zawadi. Nenda ukiwa na daftari limefungwa. Usihubiri, sikiliza. Mwulize bibi aliye pembeni yeye amemwona nani katika kisa. Mara nyingi atasema jambo ambalo hakuna tafakari ya simu iliyolisema, kwa mfano kwamba mtu aliyeugua miaka 12 hana tena wa kumsindikiza, ndiyo maana mwanamke alikuja peke yake.

Ila utakachosikia pale kina mipaka. Ombi la mama fulani kuhusu ndoa yake, ugonjwa wa kijana wa nyumba ya tatu, haviendi mimbarini, hata ukificha jina. Mtaa mzima unajua ni nani.

Jioni hubiri kwa sauti, umesimama, simu ikipima muda. Sentensi inayokukata pumzi ivunje vipande viwili. Neno ulilolichukua kwenye kitabu na ambalo hujawahi kulitamka sokoni, tafuta jingine. Kisha andika kwenye karatasi moja vichwa vya hatua na aya zake, basi. Karatasi nyingi zinapeperushwa na feni.

Wiki ambayo huhubiri

Mhubiri asiye na zamu huwa hasomi, na hapo ndipo kisima kinakauka. Chagua kitabu ambacho huna mpango wa kukihubiri, Maombolezo au Ayubu kwa mfano, au Zaburi moja kila asubuhi kwa mpangilio wake, zikiwemo zile za hasira. Tumia ukurasa wa kushoto tu. Wa kulia uache mtupu. Baada ya mwaka utaona kurasa nyeupe nyingi upande mmoja, na hakuna aliyepunjwa.

Jumapili mchana

Watu watakushika mkono mlangoni na kusema "neno zuri, mtumishi". Pokea, shukuru, lakini usiliandike. Tafuta mtu mmoja, si kiongozi wala rafiki yako, umwulize: "Umebaki na nini?" Andika jibu lake kwenye ukurasa wa kulia, chini ya wazo kuu lako, kwa maneno yake mwenyewe. Akikujibu kwamba amebaki na kile chakula cha mtoto, ambacho wewe ulikitaja kwa kupita tu, liandike hivyo hivyo, na tarehe pembeni.